Wiki 41 na siku 2, mtoto bado. Naomba ushauri

Habari zenu. Ninaishi mtaa wa Umoja, Nairobi, kazi yangu ni uhasibu huko Westlands. Nilianza likizo ya uzazi wiki ya 38 nikidhani nimejipanga. Sheria ya Ajira ya 2007 inanipa miezi 3 yenye mshahara, na wiki 3 zimeshakwisha nikilinda begi la hospitali mlangoni. Leso nimezikunja upya mara ngapi sijui, maana binti yangu wa miaka 4 huzitoa ambebe mwanasesere mgongoni.

Mama mkwe alikuja kutoka Kakamega kumpokea mjukuu. Kila asubuhi analitazama tumbo, anaguna, ananiletea uji wa wimbi. Bosi naye hakosi "swali dogo" la hesabu, ati bado sijajifungua.

Kliniki wamesema mtoto anacheza vizuri, ila nirudi Alhamisi nianzishiwe uchungu. Mume wangu anataka twende. Mama mkwe anasema mtoto si chapati, hageuzwi kwa haraka.

Mlioanzishiwa, ilikuwaje? Na kuna aliyeomba likizo ya mwaka iunganishwe na ya uzazi, akakubaliwa? Bosi nimjibu vipi bila kuharibu?