Mrejesho: Ile riwaya tumeisoma, Ujiji

Wakuu, niliwauliza kama niwape wenzangu wa kikundi cha kusoma hapa Ujiji The Sparrow, riwaya ya Mary Doria Russell ya 1996, maana nilihofia itawakwaza waumini. Niliwapa. Humo, Wajesuiti (watawa wa shirika moja la Kikatoliki) na wenzao wanasafiri hadi sayari ya Rakhat. Padri Emilio Sandoz anarudi peke yake, mikono imeharibiwa, moyo umemkinai Mungu.

Katekista wetu alikifunga kitabu akanyamaza mpaka chai ikapoa. Kisha: “Huyu ni Ayubu.” Mzee mmoja Mwislamu akaitikia, “Nabii Ayubu hata sisi tunaye, mwanangu.” Wakakesha hapo.

Dada mmoja hakumaliza, kilimuumiza mno, sikumlazimisha. Kurukaruka kwa hadithi kati ya mwaka 2019 na 2060 kuliwachanganya wengi, ningewaandikia miaka ubaoni mapema. Asanteni sana mlionitia moyo.