Giligilani, nanaa na rehani Mombasa: nende soko gani?

MgeniKutokaTanga: Salaam wanajamvi. Nimehamia Mombasa, nakaa Kizingo. Nataka giligilani, nanaa, rehani na mchaichai vilivyo vibichi kweli. Marikiti au Kongowea? Na mbona giligilani yaharibika siku ya pili hata ikiwa kwenye friji?

BintiKibokoni: Karibu sana. Kwanza badilisha jina, hapa ukisema giligilani utazungushwa. Sema dania, au kotimiri. Kwa mtu wa Kizingo, Marikiti pale Digo Road yatosha: uko kisiwani, na ukishapata majani, iliki na mdalasini ziko papo hapo. Kongowea ni soko la jumla na lazima uvuke daraja la Nyali. Nenda ukitaka nyanya kwa kreti au vitunguu kwa gunia. Kwa vicha viwili vya dania, nauli haikulipi. Na beba kikapu, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017.

MpishiWaShughuli: Kosa si la friji, ni la maji. Wauzaji huyanyunyizia majani yasinyauke, na kicha kikifungwa kimelowa huanza kuoza katikati, pale penye kamba. Nje kitang'aa tu. Legeza kamba, panua mashina, nusa. Kukiwa na utelezi, rudisha, na usione haya.

Nyumbani usioshe. Toa majani ya manjano, tandaza kwenye kitambaa chini ya feni kama robo saa, viringisha kwa kitambaa kikavu, tia kwenye mkebe. Kitambaa kikilowa, badilisha. Dania itakaa wiki nzima. Osha wakati wa kukatia chunguni tu.

Rehani nayo usiitie friji kabisa, baridi huigeuza nyeusi. Kata ncha za mashina, isimamishe kwenye gilasi ya maji mbali na jua.

MgeniKutokaTanga: Shukran! Na mchaichai?

BintiKibokoni: Usichukue majani matupu. Tafuta wenye kitako cheupe, kigumu. Tia vitako vitatu kwenye maji ya kina cha vidole viwili, ubadilishe maji kila siku; ukitoa mizizi, hamishia kwenye ndoo iliyotobolewa chini. Nanaa ni vivyo hivyo, ila kata chini kidogo ya kifundo na uondoe majani yatakayozama, maana ndiyo huvundisha maji. Kizingo pana upepo wa chumvi, kwa hivyo ndoo iweke nyuma ya ukuta, si upande wa bahari.