Karatasi inakunjamana kwenye mayai ya Pasaka: tatizo gundi au ukataji?

mama_sandei:
Wadau, habari zenu. Naandaa mayai 24 ya Pasaka kwa watoto wa darasa la Jumapili, yapambwe kwa karatasi badala ya kuchovywa kwenye rangi. Natumia tishu za mezani zenye maua na gundi nyeupe ya mbao. Kwenye tumbo la yai karatasi inakaa vizuri, ila kwenye ncha inafanya mikunjo kama shati lisilopigwa pasi. Maua mekundu yakikauka yanafifia, yanakuwa kama udongo. Nikipunguza gundi, yanabanduka. Mayai ni ya kisasa, yale ya kahawia. Nakosea wapi? Na watoto wanaweza kuyala baadaye?

mkasi_mdogo:
Dada, angalia kwanza ukubwa wa vipande. Yai limepinda kwa urefu na kwa mzingo pia, na karatasi hukubali kupindia upande mmoja tu. Ukiilazimisha, ile ziada inapanda juu, ndiyo mikunjo unayoiona. Tumia ua moja moja, kipande kisizidi sentimita 3, na ncha zifunike kwa vipande vya sentimita 1. Tishu ichane kwa vidole, usiikate. Ukingo uliochanika una nyuzinyuzi. Ukilowa unalala kwenye ganda na kupotea, lakini ukingo wa mkasi utabaki kama mstari.

Kubanduka: tishu ya mezani ina matabaka 2 au 3. Yabandue mpaka ubaki na lile lenye picha peke yake. La chini likibaki, linanyonya gundi yote kabla haijafika kwenye ganda.

Changanya gundi kijiko 1 na maji kijiko 1. Futa ganda kwa pamba yenye siki kidogo kuondoa mafuta ya vidole, halafu likauke. Usililoweke, siki inakula ganda. Weka kipande kikavu juu ya ganda kavu, gusa katikati kwa brashi laini yenye gundi, kisha sukuma polepole kuelekea nje. Ukipaka ganda kwanza, tishu itanata ilipogusa na hutaweza kuisogeza bila kuichana. Pita mara moja, acha. Kiputo cha hewa kikibaki, kitoboe kwa sindano, ukibonyeze.

Kuhusu maua kufifia, hilo ni ganda. Tabaka moja la tishu linaonyesha kilicho chini yake, na kahawia inaua nyekundu na njano. Tafuta mayai meupe. Ya kienyeji mengi yana weupe wa kutosha.

ganda_tupu:
Naongezea la kula. Ganda lina vitundu vidogo vidogo, kwa hiyo yai la kuliwa lisiguswe na gundi ya mbao wala vanishi. Pika gundi ya unga wa ngano: unga kijiko 1 cha chakula, maji vijiko 5, koroga kwenye moto mdogo mpaka iwe uji mzito unaong'aa. Ipoe kabla ya kutumia. Mayai yachemshwe dakika 10 hadi 12, yapoe na yakauke kabisa. Yai likitoka kwenye friji moja kwa moja hutoa jasho, na karatasi haishiki. Muda wote wa kukaa nje ya friji usizidi saa 2, ukihesabu na ule wa kubandika. Kwa mayai 24 fanya mafungu ya 6.

Ya mapambo tu yatolewe ute na kiini, libaki ganda tupu. Toboa ncha zote mbili kwa sindano, tundu la ncha butu lipanue lifike milimita 4, vunja kiini kwa waya mwembamba, kisha puliza kutoka ncha kali. Kiini kisipovunjwa kinaziba tundu, na ukipuliza kwa nguvu ganda linapasuka. Suuza ndani kwa maji ya sabuni, acha usiku mzima tundu kubwa likiangalia chini. Ukipamba likiwa bado na unyevu, litanuka. Haya ndiyo unayoweza kuyapaka rangi nyeupe ya maji kwanza, hata yakiwa ya kahawia.

jogoo_wa_karatasi:
Kwa watoto wakubwa kidogo jaribuni mtindo wa Łowicz, Poland. Mayai ya aina hii kule huitwa nalepianki: ganda tupu lililobandikwa maua na majogoo ya karatasi za rangi, tabaka juu ya tabaka. Kunja karatasi nyembamba katikati, mara moja tu, kata nusu ya umbo kwenye mkunjo, fungua. Bandika kubwa kwanza, juu yake dogo la rangi nyingine, kisha dogo zaidi, ili kila rangi ionekane ukingoni mwa nyingine. Ua la sentimita 3 likate mikato 8 kutoka ukingoni, ukiiacha katikati nzima. Petali zitapandiana kidogo na kulala. Mkanda wa kuzungusha tumbo usizidi milimita 8, ukipita hapo kingo zinasimama.

Msitumie manila, ni ngumu mno na inajifungua kabla gundi haijashika. Karatasi ya krepu nayo ikilowa inatoa rangi, jogoo mwekundu ataacha doa la waridi kwenye ganda lote.