Mwalimu anataka nimhamishe mwanangu, eti nimpeleke "shule yao"

Mama Zuu:
Habari za humu wakuu. Binti yangu yuko la pili shule ya serikali, ana ualbino na mbali haoni vizuri. Juzi nikaitwa shule nikajua ni mambo ya michango, kumbe mwalimu wa darasa anataka nimhamishe, eti hanakili kitu ubaoni anachelewesha wenzie, nimpeleke shule yao wenye ualbino, yenye bweni. Mtoto wa miaka minane bweni kweli? Na kichwa anacho, nikimwandikia maandishi makubwa na makapeni anasoma mwenyewe. Walimu mliomo humu semeni ukweli, hawa watoto mnawaonaje?

Ticha Vumbi:
Nitatukanwa ila nasema. Darasani kwangu wako 94, chuo elimu maalumu tuligusiwa juujuu tu. Mwaka juzi nikaletewa mtoto kiziwi, lugha ya alama sijui hata moja, akakaa mwaka mzima ananiangalia mdomo, mpaka leo nikikumbuka naumia. Hatuwachukii dada, tunaogopa, alafu mkaguzi akija anauliza wastani wa darasa, hana habari na nani haoni. Ila wako ni uoni hafifu, hiyo sio sababu ya kuhamisha mtoto.

Mzee wa Vifungu:
Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inasema mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, labda awe anahitaji mawasiliano maalumu. Huyo mwalimu hana pa kusimamia. Nenda halmashauri kamwone afisa wa elimu maalumu.

Ticha Vumbi:
@Mzee wa Vifungu ukimpelekea mwalimu vifungu mtoto atabaki darasani ila atasahauliwa kona ya nyuma, nimeshaona.

Ngosha Mweupe:
Mimi mwenyewe nina ualbino. Hilo neno "shule yao" lina historia, kipindi kile cha mauaji ya watu wenye ualbino watoto wengi walikusanywa kituo cha Buhangija kule Shinyanga kwa usalama wao, watu wakakariri kwamba sisi makazi yetu ni bweni. Mimi nilisoma shule ya kata. Mwalimu wangu wa hesabu hakuwa na kozi yoyote, aliniruhusu tu niinuke niende mpaka ubaoni nisome nirudi, na alikuwa anatamka anachoandika. Basi. Mkalishe mbele ila sio dirishani, mwanga unatuua, na kofia asivuliwe darasani eti ni utovu wa nidhamu. Macho apimwe hospitali, na shule iwe na taarifa mapema maana NECTA, Baraza la Mitihani, wanatoa mtihani wa maandishi makubwa.

Mama Zuu:
Jamani asanteni. Ngosha hapo kwenye dirisha umenishtua, ndo alipokaa tangu Januari na kila siku anarudi kichwa kinamuuma nikajua malaria. Halmashauri ntaenda ila naanza na mwalimu wake Jumatatu, maana mimi nikishaondoka yeye ndo anabaki na mtoto.