Mliopanda Ziwa Ngosi mkitokea huku kwetu Tabora na Kigoma, tupeane uzoefu

Mwalimu wa Isevya
Wadau, za jioni. Jana kijiweni kwenye kahawa kuna dogo alikuwa anaonyesha picha za Ziwa Ngosi, lile la juu ya mlima kule Rungwe, nikakumbuka tulivyokwenda walimu wa shule yetu likizo moja. Tulipita njia ya Sikonge, Ipole, Rungwa, pori mpaka unajiuliza kama dereva kapotea, kisha Makongolosi na Chunya hadi Mbeya. Asubuhi tukaenda Uyole, tukadandia gari za Tukuyu, wakatushusha Isongole. Ile baridi jamani! Watu wa Tabora tuna mashati ya mikono mifupi, wenyeji wako na makoti na masweta wanatuangalia kwa huruma.

Tulilipia, tukapewa risiti na mwongozaji, kijana mwembamba kavaa mabuti ya mvua. Kutoka barabarani hadi mguu wa mlima ni mwendo wa kilomita kama 6 katikati ya mashamba ya viazi. Hapo bado mnataniana. Msitu ukianza, utani unakufa. Njia inapanda tu, matope, mizizi, migomba mwitu mikubwa kuliko niliyowahi kuona. Mwalimu wa michezo, aliyekuwa anatucheka sisi wa hesabu, ndiye aliyekaa chini wa kwanza.

Tulifika ukingoni, tukaliona ziwa kule chini, tukapiga picha, tukarudi. Kuteremka hadi kwenye maji kijana alikataa katakata. Walioteremka wapo humu? Nataka kujua tulikosa nini.

Kandambili
Natandika mkeka.

Binti Kaliua
Hicho kipande cha msituni mwalimu umekisema kistaarabu mno. Mimi nilikimaliza kwa magoti na mikono.

Mgebuka Mbichi
Mtu anasafiri kutwa kwenda kuangalia dimbwi? Sisi hapa Kigoma ziwa lina kina cha mita 1,470, duniani tunazidiwa na Baikal tu. Ukitaka na mlima, Mahale kuna Nkungwe, mita 2,462. Wacheni ushamba watu wa maembe.

Mwalimu wa Isevya
Ngosi ni mita 2,620. Hesabu ndogo tu hiyo, mkuu.

Mgebuka Mbichi
Sasa mita 150 ndiyo nini?

Binti Kaliua
Wewe Nkungwe umeipanda?

Mgebuka Mbichi
Sijaipanda lakini ni ya kwetu.

Kandambili
😂😂 Nimeanguka na kiti.

Fundi Boti Kibirizi
Mgebuka usitutie aibu. Mimi Mahale nimefika kwa kazi ya boti. Kule hakuna barabara ya gari, ni maji na miguu yako, na Nkungwe si mlima wa kwenda na kurudi kabla ya magharibi, watu wanalala njiani na askari wa hifadhi yuko nao. Usilinganishe na Ngosi ambayo unapanda asubuhi, jioni uko Mbeya unakula chipsi. Kwa wa Kigoma anayetaka kujipima kwanza, aende Gombe, apande hadi juu ya ukingo wa bonde. Akirudi anatetemeka mapaja, ajue Ngosi itamshinda.

Asali Mbichi
Nami niliwahi kufanya kazi Arusha, tukapelekwa Empakaai, ile kreta ya Ngorongoro yenye ziwa ndani. Pale huteremki bila askari mwenye bunduki, kuna nyati. Kushuka raha tupu, unaona heroe wamejaa pembeni ya maji, na toka ukingoni kukiwa kweupe Ol Doinyo Lengai inaonekana. Kupanda sasa! Askari anatembea anapiga mluzi, bunduki begani, sisi ndimi nje. Kwa hiyo mwalimu mshukuru huyo kijana. Ziwa la kwenye shimo lina tabia hiyo, linakulipisha wakati wa kutoka.

Mama Pacha Mwanga
Nilikuwa nasoma tu nipite, lakini mwalimu umeuliza walioteremka. Haya.

Tulikwenda Tukuyu kumsindikiza kaka yangu kupeleka mahari. Msafara kutoka Kigoma, Mpanda, Sumbawanga, Tunduma, mpaka miguu imevimba. Mahari ikapokelewa vizuri, tukala ndizi mpaka basi. Kesho yake wakwe wakasema hamwezi kuondoka hamjaliona ziwa letu. Tukatafutiwa mwongozaji, mtu mzima kidogo, mpole, anaongea taratibu. Kundi letu lilikuwa na mama, shemeji zangu, mimi, na baba mdogo.

Baba mdogo ni mvuvi wa Ujiji. Tangu akiwa mtoto hajui kazi nyingine. Na siku hiyo alikuwa amevaa viatu vyake vya mahari, vyeusi, vya ngozi, soli laini kama kigae, kwa sababu hakubeba vingine na alikataa mabuti ya kuazima. Alisema mkwe hawezi kuonekana na mabuti ya shamba.

Kupanda alipanda, sijui kwa nguvu gani. Kufika ukingoni, ukungu mtupu. Hakuna ziwa, hakuna ng'ambo, weupe umejaa shimo lote. Tukakaa tunakula viazi vya kuchemsha. Mara upepo ukapita, ukungu ukafunguka upande mmoja, na maji yakaonekana chini kabisa, kijani kibichi, yametulia, kuta za msitu zimeyazunguka pande zote. Mama akasema Subhanallah. Baba mdogo hakusema kitu, akasimama, akaanza kukunja suruali.

Mwongozaji akamwambia mzee, safari inaishia hapa. Baba mdogo akamwambia mimi sijawahi kufika ziwani nikaondoka sijagusa maji, tangu nizaliwe. Wakabishana kwa heshima muda mrefu, mzee huku, mzee kule. Mwisho mwongozaji akakubali kwa masharti: twende watu wachache, mabegi yabaki juu, na akisema turudi hakuna mjadala. Nikaenda mimi maana nilijua mama hatatulia bila mtu wa kumwangalia shemeji yake.

Ile si njia. Ni ukuta wenye mizizi. Unageuza uso ulipotoka, unashika mzizi, unatafuta mwingine kwa mguu, udongo unateleza kifuani mwako. Mwongozaji yuko chini yetu anatuelekeza, mguu wa kushoto, mama, hapo hapo, sasa achia mkono. Tulifika chini nguo hazina rangi.

Baba mdogo akanawa uso, akaonja maji, akatema. Akaangalia kushoto na kulia kama mtu anayetafuta kitu alichoweka. Akauliza, "Mitumbwi iko wapi?" Mwongozaji akamwambia hakuna. "Na mto unaoingiza maji?" Hakuna. "Unaotoa?" Hakuna. Baba mdogo akarudi nyuma kutoka kwenye maji. Akasema ziwa lisilo na mlango halinifai, twendeni.

Ndipo mvua ikashuka.

Wanaoijua Tukuyu wanaijua mvua yake. Ile mizizi tuliyoshikilia ikawa inatiririsha maji. Nusu ya kupanda, viatu vya mahari vikamkataa. Nilisikia tu "Ee!" na mtu mzima akanipita ubavuni akiteremka kwa tumbo. Alikwama kwenye shina la mti, mguu mmoja umekunjwa chini yake. Kiatu kimoja kikaendelea na safari, sikukiona tena. Juu kule mama kasikia, anaita, Kiha chote kimemtoka, na sisi hatuwezi kujibu maana pumzi hakuna.

Yule mwongozaji hakupiga kelele. Alirudi chini, akamkagua goti, akaniomba khanga niliyojifunga, akaipitisha kiunoni mwa mzee na ncha akazishika yeye. Akamwambia, "Mzee, usitazame juu wala chini. Tazama kisigino changu. Kikitoka, weka mguu wako hapo." Hatua moja, wanapumzika. Hatua nyingine, wanapumzika. Mimi nyuma nasukuma makalio ya baba mdogo, Mungu anisamehe. Tulifika ukingoni giza linaingia, na msitu tuliuteremka kwa tochi za simu, mzee kabebwa mgongoni kwa zamu na mashemeji.

Goti lilikaa vibaya muda mrefu. Lile tope lililobaki kwenye khanga halikutoka hata kwa jiki.

Kandambili
Duh. Mkeka nimeukunja, nimesimama.

Binti Kaliua
Pole sana mama Pacha. Baba mdogo anaendeleaje?

Tumbaku Daraja la Kwanza
Samahani, hii naona ina chai kidogo. Mzee wa kanzu na viatu vya ngozi ashuke ule ukuta?

Mama Pacha Mwanga
Kanzu umeitoa wapi wewe? Nimesema suruali. Soma kwanza.

Fundi Boti Kibirizi
Mimi naamini. Wazee wa Ujiji mnawajua nyie? Kiatu ndicho nina mashaka nacho, huenda alikivua makusudi akakitupa kwa hasira.

Tumbaku Daraja la Kwanza
Basi kosa ni la mwongozaji. Umelipwa kuongoza, mteja anakubembeleza unalainika. Angekataa kama wa mwalimu.

Mama Pacha Mwanga
Ungemwona alivyomtoa pale usingeandika hivyo. Angekataa, baba mdogo angeshuka peke yake.

Asali Mbichi
Wote mna haki. Lakini mwongozaji wa mlimani ni kama dereva wa basi, abiria akitaka mwendo haina maana akanyage mafuta. Awe na neno moja tangu barabarani.

Reli ya Kati
Hapo kwenye mto usioingia wala kutoka, mzee kagusa penyewe. Ngosi ni kreta ya volkano, maji ni ya mvua na ya chini ya ardhi, na ukanda ule wa Rungwe una gesi ya kaboni dayoksaidi inayopanda kutoka chini. Kyejo wanaichimba na kuijaza kwenye mitungi, ndiyo ile ya kutia povu kwenye soda. Cameroon mwaka 1986 Ziwa Nyos, nalo la kreta, lilitapika gesi hiyo usiku, watu zaidi ya 1,700 wakafa.

Binti Kaliua
Mungu wangu. Na mimi nilikaa pale ukingoni nakula karanga!

Reli ya Kati
Sijasema Ngosi italipuka, dada. Nasema gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatuama mabondeni, huioni wala huinusi. Mtu wa kule akikwambia usiende sehemu fulani, usimwulize mara mbili.

Tumbaku Daraja la Kwanza
Wenyeji wenyewe wanasema lile ziwa lina mambo yake, linabadilika rangi, watu wanakwenda kuchukua maji ya dawa. Nyie mnaleta soda.

Reli ya Kati
Rangi hubadilika kwa mawingu na mwanga. Kigoma ziwa lina rangi ngapi kwa siku?

Mgebuka Mbichi
Hapo sasa! Nilisema tangu mwanzo ziwa ni la Kigoma.

Kandambili
Huyu bado yupo?

Dada Nesi Ipuli
Naomba nitie neno maana naona watu wanajiandaa kwenda. Kichwa kuuma kule juu wengi wanasema ni kimo. Ugonjwa wa kimo kwa kawaida huanza mita 2,500 na kuendelea, Ngosi iko mpakani tu na mnakaa juu muda mfupi. Mara nyingi ni maji hamjanywa, asubuhi hamkula, na mmelala kwenye basi. Kunywa maji tangu siku moja kabla. Baridi nayo si mchezo ukiwa umeloa jasho, beba fulana ya kubadilisha. Mtu akianza kuchanganya maneno au kuyumba, shuka naye hapo hapo, picha mtapiga siku nyingine.

Tumbaku Daraja la Kwanza
Tafuna kitunguu saumu tu, unapanda mpaka Kilimanjaro.

Dada Nesi Ipuli
Utapanda peke yako, wenzako watakukimbia kwa harufu.

Asali Mbichi
Asali na ndizi mbivu. Naongea kama mfugaji nyuki.

Binti Kaliua
Unaongea kama muuzaji. Jambo kubwa ni kiatu. Raba zenye meno, zifunge vizuri.

Fundi Boti Kibirizi
Raba kwenye tope la Tukuyu? Mabuti ya mvua, kama walivyovaa wenyewe. Mwenyeji kavaa buti, wewe umetoka Tabora unajua zaidi?

Binti Kaliua
Buti linakutoa malengelenge kabla hujaufikia msitu. Zile kilomita 6 umezisahau?

Fundi Boti Kibirizi
Zile unapanda bodaboda hadi inapokomea.

Mwalimu wa Isevya
Bodaboda ipo kweli, sisi tuliona ni ubahili kutembea kumbe ilikuwa ushamba. Ila mpangane naye saa ya kurudi, na nusu ya hela abaki akikudai, la sivyo hutamkuta. Fimbo nazo muhimu, kijana wetu alitukatia za mianzi. Na msiende masika. Mwezi wa 7 kuna baridi kali lakini njia kavu kidogo.

Mama Pacha, nimekuelewa. Sasa najua tulikosa nini, na sikitamani tena.

Binti Kaliua
Jamani swali langu la baba mdogo halijajibiwa.

Mama Pacha Mwanga
Yupo, anatembea, anakwenda ziwani kwake kama kawaida. Harusi ilipofungwa alikwenda tena Tukuyu na ndala. Wakwe wakamletea mabuti mapya mlangoni, akayavaa.

Mgebuka Mbichi
Alipanda tena?

Mama Pacha Mwanga
Alikwenda nayo sokoni kununua viazi.