Kochi, Mumbai au Goa: tamasha gani la sanaa, na tule wapi?

mwanarangi (Tanga)

Wakuu, salaam. Mimi nafundisha uchoraji, mke wangu ana mgahawa wa samaki. Mwakani tunataka kwenda India kwa mambo mawili tu: tamasha la sanaa la mji, na chakula cha majimbo, kile wanachokula wenyeji majumbani na vibandani kwao. Taj Mahal itatusubiri safari nyingine.

Nimechambua mpaka nimebaki na miji mitatu: Kochi kule Kerala (Kochi-Muziris Biennale), Mumbai (Kala Ghoda Arts Festival) na Panaji, Goa (Serendipity Arts Festival). Muda wetu ni wiki moja na siku kadhaa. Mke wangu anakula halali tu, na hataki kushindia wali na dengu safari nzima. Mliofika huko, nilinganishieni. Kama ni mmoja tu, uwe upi, na kwa nini?

pilipilimanga (Mombasa)

Kochi, tena bila kusita.

Biennale ile, yaani maonyesho ya sanaa ya kila baada ya miaka miwili hivi, ilianza tarehe 12 Desemba 2012. Muziris ni bandari ya kale ya pwani hiyo, iliyokuwa ikiwauzia Warumi pilipili manga. Hufunguliwa Desemba ikaendelea hadi Machi hivi, kwa hiyo hukimbizani na siku. Ukumbi mkuu kwa miaka mingi umekuwa Aspinwall House, majengo ya kampuni ya biashara iliyoanzishwa mwaka 1867 na kushughulika na mafuta ya nazi, pilipili manga, tangawizi, kahawa na makumbi. Maghala yale yale ndiyo yanayopangwa sanaa. Unatoka kwenye chumba cha giza chenye video, unasukuma mlango, na mbele yako kuna maji na meli za mizigo zinapita.

Kazi moja ya mwaka 2016 ninayo kichwani hadi leo. Raúl Zurita, mshairi wa Chile, alijaza maji ya bahari kwenye ghala zima. Tulivua viatu, tukakunja suruali, tukayavuka maji yale taratibu tukisoma maandishi yake ukutani. Aliitoa kazi ile kwa Galip Kurdi, mtoto wa Syria aliyezama mwaka 2015 pamoja na mdogo wake Alan. Watu walikuwa wanaongea kwa sauti mlangoni, wakifika katikati ya maji hakuna anayesema. Mwalimu wa sanaa aone vitu kama hivyo kwa miguu yake, picha za simu hazitoshi.

Sasa chakula. Asubuhi kuna appam: mchele uliosagwa na nazi, ukaumuliwa usiku kucha, ukamiminwa kwenye kikaango chenye kina. Kingo zinakauka nyembamba, katikati panabaki laini. Mpika vitumbua ataijua kwa harufu kabla hajaonja. Kuna puttu, unga wa mchele uliolowanishwa kidogo, tabaka la unga na tabaka la nazi iliyokunwa, ukashindiliwa ndani ya bomba na kupikwa kwa mvuke. Huliwa na kadala, yaani dengu nyeusi za mchuzi mzito. Mchana kuna kappa, muhogo uliochemshwa ukapondwapondwa na nazi na manjano, pamoja na mchuzi mwekundu wa samaki. Ukali wa mchuzi ule unatokana na kudampuli, tunda chachu linalokaushwa kwa moshi mpaka linakuwa jeusi. Mkeo aubebe mfuko mzima wa kudampuli, najua atanishukuru.

Halali si tatizo. Nenda mtaa wa Mattancherry, uliza mgahawa wa Rahmathulla, wenyeji wanapaita kwa Kayees. Ule biriani ya mbuzi. Nenda mapema, usisubiri saa tisa.

mpune (Nairobi)

Mimi nilisoma Pune, na Mumbai ilikuwa saa chache tu kwa treni, basi kila nafasi ikipatikana niko huko. Pilipilimanga nakuheshimu sana, lakini mwenzetu ameuliza chakula cha *majimbo*. Kochi atakula Kerala asubuhi, Kerala mchana, Kerala usiku. Mumbai watu wa India nzima wamehamia na vyungu vyao.

Kala Ghoda ilianza 1999. Ni siku tisa, mwisho wa Januari kuingia Februari, na kiingilio ni bure. Iko kwenye mtaa wa kale wa kusini mwa mji: Jehangir Art Gallery upande huu, jumba la makumbusho upande ule, na barabara ya Rampart Row inafungwa magari ili kazi kubwa kubwa zisimame katikati ya njia. Mazungumzo ya vitabu hufanyika bustanini kwa maktaba ya David Sassoon, muziki na ngoma kwenye Cross Maidan. Yule farasi mweusi anayeupa mtaa jina alikuwa amempakia Mfalme Edward VII. Sanamu ile iliondolewa 1965, na mwaka 2017 wakasimamisha farasi mwingine, hana mtu mgongoni. Mpigieni picha jioni taa zikiwaka.

Kwa mguu kutoka hapo mpaka Ballard Estate kuna Britannia & Co., mgahawa wa Waparsi tangu 1923. Agizeni berry pulao. Wali mkavu wenye zafarani, nyama imefichwa chini, juu wametawanya matunda madogo mekundu machachu ya zereshk kutoka Iran pamoja na vitunguu vilivyokaangwa vikakauka. Nendeni kwa chakula cha mchana.

Halafu mtaa wa Kalbadevi, Shree Thaker Bhojanalay, thali ya Kigujarati, yaani sahani moja ya vyakula vingi vidogo vidogo. Unakaa, wanazunguka na ndoo ndogo ndogo wakimimina: kadhi (mchuzi wa mtindi), dali tamu, mboga za msimu, chapati nyembamba zenye samli, na hawaachi mpaka ufunike sahani kwa mkono. Hapo nina sababu. Wahindi wengi wa kwetu walitoka Gujarat na Kutch, na bajia, kachori na chapati tunazozijua zilikuja nao. Kula pale ni kuifuata historia ya jikoni mwetu hadi kwenye chimbuko lake.

Kwa halali nendeni Mohammed Ali Road na Bhendi Bazaar, mtaa wa Wabohora. Samaki: tafuteni jiko la Kimalvani, la watu wa pwani ya kusini mwa Mumbai, samaki bombil mbichi wakachovywa unga wa rava (semolina) na kukaangwa, juu kavu, ndani laini inayeyuka mdomoni, na pembeni glasi ya sol kadhi, tui la nazi lenye kokum, tunda chachu, rangi ya waridi. Kinywaji hicho kinashusha pilipili zote.

bintmvita (Mombasa)

Nakubaliana na mpune kuhusu chakula, lakini asifiche jambo moja: Jumamosi na Jumapili pale Kala Ghoda hapapitiki. Watu wamebanana, kila kazi ya sanaa imezungukwa na wapiga picha za simu, huwezi kuisimamia ukaitafakari. Nendeni siku za kazi, asubuhi. Maonyesho ya ndani ya Jehangir na National Gallery of Modern Art ng'ambo ya barabara yanakuwa na nafasi, na hayo ndiyo mwalimu wa uchoraji anayahitaji zaidi ya sanamu za barabarani.

Fort Kochi, mtaa wa kale wa Kochi wenye kumbi za Biennale, ni mahali pengine kabisa. Unatembea kwa mguu kutoka ukumbi hadi ukumbi chini ya miti mikubwa ya kivuli, unapumzika, unakunywa sulaimani, chai ya rangi yenye ndimu na iliki, unaendelea. Maghala ya Mattancherry yana Students' Biennale, kazi za wanafunzi wa vyuo vya sanaa kutoka kila pembe ya India. Kwa mtu anayefundisha, hapo ndipo ningekaa siku nzima. Unaona vijana wa umri wa wanafunzi wako wanafanya nini na vifaa vya bei ndogo: turubai la gunia, udongo, karatasi za magazeti.

mandovi (Dar es Salaam)

Nizungumzie Goa kwa ufupi kwa sababu wakwe zangu ni Wagoa. Serendipity ilianza 2016, inafanyika Panaji mwezi Desemba, kwenye majengo ya kale kando ya Mto Mandovi. Jambo zuri pale: upishi umo kwenye ratiba ya tamasha kama sanaa nyingine, sawa na ukumbi wa michezo na muziki.

Ila kwa mke wa mwanarangi, hapana. Vyakula vingi vya sifa vya Wakatoliki wa Goa ni vya nguruwe, sorpotel na chouriço. Samaki wa recheado ni mtamu mno, amepasuliwa na kujazwa masala nyekundu ya siki, na xacuti ya kuku ina nazi iliyokaangwa kavu, lakini kila mkahawa mtalazimika kuuliza kwanza. Goa muiweke kwa safari ya baadaye.

mwanarangi (Tanga)

Ahsanteni sana, mmenifungua. Goa nimeiacha. Mke wangu amesoma yote, ameniambia nimuulize pilipilimanga: ukiacha mchuzi wa kudampuli, kuna kitu gani cha Kerala ambacho hawezi kukipata Mumbai? Kwa sababu Mumbai nako kuna mikahawa ya Kikerala.

pilipilimanga (Mombasa)

Swali la mpishi hilo. Mikahawa ipo, lakini samaki hayupo. Karimeen ni samaki wa pale maji ya chumvi na maji matamu yanapokutana, na Kerala ndiyo kwao. Wanampaka kitunguu, nyanya, pilipili na bizari, wanamfunga kwenye jani la mgomba, wanamchoma juu ya chuma mpaka jani linaungua kidogo. Ukifungua, mvuke ule wa jani ndio nusu ya ladha. Samaki aliyesafiri siku mbili kwenye barafu hatoi kitu hicho.

La pili, nyama ya ng'ombe. Kerala inaliwa waziwazi. Kuna ularthiyathu: vipande vidogo vinapikwa kwanza na viungo, kisha vinakaangwa taratibu na majani ya mchuzi (curry leaves) na vipande vyembamba vya nazi mpaka vinakuwa vyeusi na kavu. Unakula na porotta, ile chapati ya tabaka inayopigwapigwa kwa viganja viwili ikitoka jikoni. Maharashtra, jimbo la Mumbai, sheria imekataza kuchinja ng'ombe, kwa hiyo Mumbai usiitafute.

La tatu, upishi wa Waislamu wa Malabar, Wamapila. Biriani yao ni ya mchele mfupi wa kaima, mdogo kama bizari nzima, si basmati. Wana pathiri, mkate mwembamba wa unga wa mchele. Na wana alisa, ngano na nyama iliyopondwa mpaka ikalainika, inayomiminiwa samli. Mtu wa pwani akiiona hahitaji kuelezwa, ni bokoboko yetu. Waarabu waliifikisha kwao na kwetu kwa majahazi ya pepo za msimu.

Nionye mambo mawili. Msipange siku za ufunguzi. Mwaka 2022 ufunguzi ulisogezwa kutoka tarehe 12 hadi 23 Desemba. Na wiki ya mwisho ya Desemba kuna Cochin Carnival, wanachoma sanamu la Papaanji usiku wa mwaka mpya, Fort Kochi inajaa mpaka vyumba havipatikani. Januari na Februari ni salama.

mzee_wa_jahazi (Lamu)

Vijana, mnabishana kitu ambacho kalenda imeshakiamua. Kala Ghoda iko Januari na Februari, Biennale iko wazi kipindi hicho hicho katika miaka yake. Ndege kutoka Mumbai hadi Kochi ni kama saa mbili. Mwanarangi, mwingie Mumbai Jumatatu, mkae siku za kazi kama alivyosema bintmvita, mle huku na huko, Ijumaa mhamie Kochi kabla umati wa wikendi haujaingia Kala Ghoda. Siku zinazobaki zote ziwe za Kochi. Kwanza hakikisheni ni mwaka wa Biennale, maana si kila mwaka.

Mkiwa Fort Kochi ingieni kanisa la Mtakatifu Francis. Vasco da Gama, yule aliyepata rubani Malindi mwaka 1498 akavuka hadi Calicut, alizikwa hapo 1524 kabla mabaki yake hayajapelekwa Ureno. Nguzo yake tunayo Malindi, kaburi lake la kwanza liko kule. Mtoto wa pwani asipite hapo bila kuingia.

Na kadi ya homa ya manjano. India ni wakali kwa wasafiri wa nchi zenye ugonjwa, na chanjo inahesabika baada ya siku kumi. Hata kama mnatokea Tanga, mkiunganisha ndege Nairobi au Entebbe muwe nayo mkononi.

bintmvita (Mombasa)

Shikamoo ami. Mpango huo umekaa sawa. Naongeza: toka Ernakulam, upande wa bara wa Kochi, kwenda Fort Kochi pandeni boti, iwe feri ya zamani au Water Metro, zile za umeme zilizoanza 2023. Nauli ni ndogo, na hamkai kwenye foleni ya madarajani.

mwanarangi (Tanga)

Marahaba kwa wote, na shikamoo mzee. Tunafuata mpango wa mzee: Mumbai siku za kazi, kisha Kochi. Mpune, jambo la mwisho. Mke wangu amesikia kuna wali wa jani la mgomba wa Kikarnataka huko Mumbai, mtaa wa Matunga. Kutoka Kala Ghoda tunafikaje?

mpune (Nairobi)

Ni Rama Nayak, upishi wa Udupi, mji wa Karnataka, tangu 1942. Tembeeni au chukueni teksi mpaka CSMT, kituo kikuu cha treni kusini mwa mji, pandeni treni ya Central inayosimama kila kituo, mshuke Matunga. Mgahawa uko ghorofani, nje tu ya kituo. Hakuna nyama, lakini rasam, supu yao, itamfaa mkeo kwa kazi: ya moto, nyepesi, imejaa pilipili manga na ukwaju. Muombe jani, msikubali sahani ya chuma. Kwenye treni kuna mabehewa ya wanawake, anaweza kupanda huko apate kiti. Msiondoke asubuhi kuelekea mjini saa za kazi. Nyinyi mtakuwa mnatoka mjini, kwa hiyo saa nne na nusu mtapata nafasi nzuri, na saa tano mko mezani kabla foleni ya mchana haijajipanga ngazini.