Nilitaka kukaa mwezi mzima bila pombe, siku ya tisa nimeteleza. Naombeni ushauri

Mtoa mada
Habari zenu wakuu. Mimi ni baba wa watoto wawili, nakunywa bia tatu au nne karibu kila jioni, mwaka wa sita sasa. Mwezi huu niliamua kupumzika siku 30. Hakuna aliyenilazimisha. Binti yangu aliniuliza kwa nini ikifika usiku sauti yangu inabadilika, na swali hilo halijanitoka.

Siku nane nilimudu. Ya tisa nikaenda kwenye sherehe ya rafiki, nikanywa tano. Kinachonisumbua zaidi ni usiku: najigeuza hadi saa nane, usingizi ukija unakuja na ndoto nzito. Je, nianze kuhesabu upya? Na usingizi niufanyeje?

Zamu ya Usiku
Hongera kwa siku nane. Kwanza nijibu: siku za mwanzo ulitetemeka mikono, kutokwa na jasho jingi, au moyo kwenda mbio? Nafanya kazi wodini, ndiyo maana nauliza. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukikatiwa ghafla, mitetemo huanza ndani ya saa 24, degedege huweza kufuata ndani ya siku mbili, kisha mtu akachanganyikiwa kabisa. Watu hufa kwa hali hiyo. Mwenye dalili hizo, au anayeanza kunywa asubuhi ili atulie, asiache peke yake nyumbani. Aende hospitali, asimamiwe.

Mtoa mada
Mkuu, ni jasho kidogo usiku wa kwanza tu. Mikono haikutetemeka.

Zamu ya Usiku
Afadhali. Ukiona tofauti safari hii, usisubiri. Usingizi utarudi. Pombe hukulaza haraka, lakini nusu ya pili ya usiku hukukatakata usingizi, tena hubana ule usingizi wa ndoto. Ukiiacha, ndoto hurudi kwa nguvu, halafu hutulia zenyewe. Dawa za usingizi usinunue kiholela. Zikikutana na pombe zinaweza kudhoofisha upumuaji.

Maji Matulivu
Usizifute siku nane, ndugu yangu, ni zako. Mimi sikuanza upya, niliendelea, nikamaliza mwezi nikiwa na siku 27 kavu. Tafuta saa yako mbaya. Yangu ilikuwa ile ya kufika tu nyumbani. Hamu hupanda, hufika kileleni, hushuka. Kwangu haikuwahi kuzidi nusu saa. Nilivaa viatu nikatoka kutembea. Kwenye sherehe ingia ukashike maji yako mapema, ukiulizwa sema "mwezi huu situmii", basi. Ukianza kujieleza umefungua mjadala.

Mama Wawili
Mkeo anajua? Mume wangu alipopumzika, nilichofurahia ni kwamba asubuhi alikumbuka tulichozungumza usiku. Mwambie, asidhani umenuna. Na siku 30 zikiisha usije ukafidia: mwili utakuwa umepoteza uzoefu, kiasi kile kile kitakupiga zaidi.

Mtoa mada
Mrejesho, siku ya 17. Sikuanza upya. Mke nimemwambia, sasa tunatembea wote jioni. Jana nimelala saa nne na nusu usiku, nikaamka alfajiri bila kushtuka. Jumamosi kuna sherehe nyingine. Nitapita kupongeza, nitaondoka kabla meza hazijachangamka.